Idd Mubarak kwenu mnaovuka Rufiji

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Kusini, mlioko nyumbani na mlioko Dar. Idd Mubarak! Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, na waliotutangulia awarehemu.

Salamu zangu safari hii zinapitia Ndundu, tunapouvuka Mto Rufiji. Siku hizi za mwisho wa Ramadhani mabasi ya Kilwa, Lindi, Mtwara na Masasi yanapishana juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na wengi wetu tunavuka tumesinzia. Aliyezaliwa baada ya 2003, daraja lilipofunguliwa, hajui habari za pantoni. Mto ukifurika au pantoni ikiharibika, malori na mabasi yalijipanga ukingoni, na mwezi uliweza kuandama ukakukuta hapo hapo, futari yako ni ya kuchangiana na usiowajua. Ndiyo maana mtumishi akipangiwa Mtwara alijiona kaadhibiwa. Hayati Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais daraja lilipojengwa, alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi. Aliijua adha hiyo. Wapo wanaosema alijipendelea kwao. Waliowahi kulala Ndundu hawasemi hivyo. (Kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga nacho kilitutesa miaka mingi baada ya daraja, lakini ni Idd, tuyaache.)

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga, tukaonja kidogo waliyoyazoea wazee. Mwaka huo huo mafuriko yaliwatoa majumbani jirani zetu wa Rufiji na Kibiti, watu ambao maji ya mto yakishuka ndipo hulima mlau wao. Tunapotoa sadaka, tuwakumbuke na wao.

Ila daraja limerahisisha kurudi na limerahisisha kuondoka pia. Vijiji vingi vimebaki na bibi na wajukuu, sisi tuko Mbagala tunatuma pesa kwa simu. Zamani kisingizio kilikuwa pantoni. Sasa tunasema nini? Bibi anaishukuru hela, sawa, lakini pilau ya Idd anataka ale na wewe.

Basi mnaosafiri, safari njema. Madereva, usiku mwendo wa taratibu. Na chenjini noti ndogondogo kabla ya kuondoka, maana watoto wa huko wakisikia mgeni wa Dar amefika, mkono wa Idd hauna idadi.