Mashindano ya kupamba madirisha ya maduka yaamuliwe barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na wenye maduka wakisoma itakuwa vizuri zaidi maana hili linawahusu wao kuliko mtu mwingine. Duka moja kubwa hapa Dar, jina naliacha, lilitangaza mashindano kwa sisi wapambaji wa majumba, kila mtu anapewa dirisha moja la mbele alipambe anavyojua, majaji wanapita, mshindi anaondoka na zawadi. Wazo zuri sana, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwenye kuamua, maana majaji walifika wakaingizwa ndani kwenye AC, wakapewa soda, wakaanza kukagua madirisha wakiwa humo humo ndani ya duka. Yaani wamekagua migongo! Hakuna hata mmoja aliyetoka akasimama nje pale wanapopita watu.

Kuna dada mmoja kati yetu alikuwa ameninginiza nyungo, zile za kupepetea mchele, kubwa kwa ndogo, kwa uzi wa kuvulia samaki ambao ukiwa nje huuoni kabisa, nyungo zinaonekana zinaelea tu hewani, halafu katikati yake kaweka mkoba mmoja mwekundu. Mmoja tu. Chini kamwaga mchanga wa baharini. Pembeni mdoli wa kuvalishia nguo kavaa gauni limemkaa mpaka watu waliokuwa wanapita walikuwa wanarudi nyuma kuangalia tena. Sasa majaji wakiwa ndani waliona nini? Mafundo ya uzi, misumari, na mgongo wa mdoli umejaa pini. Akaambiwa kazi yake haijamalizika.

Kwa asiyeijua kazi hii nieleze kidogo. Midoli mingi ya madukani ni myembamba, gauni ukiivalisha hivi hivi linapwaya, kwa hiyo unalikusanya kwa nyuma unalibana na pini au hata vibanio vya kuanikia nguo ili mbele likae kama limeshonwa kwa ajili yake. Nyuma ni vurugu na ndivyo inavyotakiwa, nyuma hapiti mtu. Ndiyo tofauti ya dirisha na sebule. Sebule unaingia, unakaa, unazunguka, unaona kila kona, lakini dirisha lina upande mmoja tu na mtu anayeliangalia anatembea, hana hata sekunde kumi za kukupa, labda awe kwenye daladala na foleni imekaza, huyo ndo ataangalia mpaka achoke tena kwa juu kidogo kwa sababu siti ya basi iko juu ya mtu wa miguu (na hili nalo wapambaji wengi hatulifikirii, tunapanga vitu kwa macho ya anayetembea tu).

Aliyeshinda aliweka sebule kamili, sofa, kapeti, taa ya kuning'inia, mito, picha ukutani. Ukiwa ndani ni safi kabisa wala sisemi hajui kazi. Lakini mimi nilitoka nje saa saba mchana jua limewaka, nikasimama mbele ya dirisha lile, nilichokiona ni sura yangu, daladala zinazopita na muuza maji. Kioo ndivyo kilivyo, nje kukiwa na mwanga mkali na ndani kuna giza kinageuka kioo cha kujitazamia, na dawa yake ni taa kali ndani ya dirisha mchana kweupe, zielekezwe kwenye kitu unachouza siyo kwenye dari. Lile taa lake la kuning'inia lilikuwa la urembo tu, mwanga hafifu. Jaji aliyekaa ndani atalijuaje hilo?

Wenzetu hili walishalielewa zamani. Harry Selfridge alipofungua duka lake Oxford Street pale London mwaka 1909 alimchukua fundi wa madirisha kutoka Chicago, Edward Goldsman, alikuwa anapamba kwenye duka la Marshall Field's, na madirisha yakawa yanaachwa na taa zinawaka usiku duka likiwa limefungwa ili watu watembee jioni wakiangalia bure. Sisi ikifika jioni tunashusha mageti ya chuma mtaa mzima unakuwa kama godauni. Najua wezi wapo na najua bili ya umeme, lakini geti la nondo zenye nafasi lipo, na taa za LED siku hizi hazili umeme hivyo.

Sasa la pili ndo liliniuma zaidi. Tulimaliza kupamba usiku, asubuhi tunakuta meneja kabandika stika kubwa za PUNGUZO juu ya vioo vyote, nyekundu na njano, nyingine imekaa usoni kwa mdoli. Kwenye dirisha langu alikuwa ameongeza na masufuria matatu kwa sababu eti palikuwa na nafasi tupu. Ile nafasi niliiacha makusudi jamani! Kitu kimoja kikizungukwa na utupu ndo kinaonekana cha bei, ukikirundikia vitu kinakuwa mnada.

Waliomcheka Salvador Dalí mwaka 1939 nawashangaa. Yule mchoraji wa Hispania aliitwa na duka la Bonwit Teller kule Fifth Avenue, New York, apambe madirisha mawili, akaweka midoli ya kizamani na beseni la kuogea lililotandikwa manyoya kwa ndani. Wapita njia wakalalamika, wenye duka wakabadilisha midoli yake wakaweka ya kawaida bila kumwambia. Alivyorudi akakuta hivyo akapanda dirishani akalisukuma lile beseni, likavunja kioo yeye na beseni wakatokea barabarani. Polisi wakamchukua, mahakama ikampa adhabu ya kuahirishwa. Simshauri mtu afanye hivyo, kioo cha dirisha kubwa ni hela nyingi na unaweza kukatika vibaya, ila hasira zake nazielewa vizuri. Kama bosi hajaipenda kazi amwite aliyeifanya waongee, na kwenye mashindano ndo kabisa asiguse chochote mpaka majaji wapite, la sivyo majaji wanampa maksi meneja.

Kuna watakaosema duka ni lake, bidhaa ni zake, lazima auze. Sawa. Lakini duka la Lord & Taylor huko huko New York mwaka 1938 liliweka dirisha la Krismasi halina bidhaa hata moja, kengele kubwa za rangi ya dhahabu tu zinayumba, na watu walijaa barabarani. Na Gene Moore aliyepamba madirisha ya Tiffany, duka la vito la huko huko New York, toka 1955 mpaka 1994 alikuwa anaweka almasi kwenye mchanga na mayai ya kawaida. Mwaka 1965 New York ilikuwa na shida ya maji, yeye alitaka dirishani kuwe na chemchemi inayorusha maji, akaona ni aibu kumwaga maji watu hawana, akatumia pombe kali aina ya gin badala ya maji! Hapo hujatumia hela ya ajabu kwenye mapambo, umetumia kichwa, na vioo vyenyewe vya Tiffany ni vidogo kuliko vya maduka mengi hapa mjini. Yule dada na nyungo zake alikuwa kwenye njia hiyo hiyo, nyungo kanunua sokoni, mchanga kabeba kwenye kiroba.

Tukija kwenye hela ndo kabisa. Mbao mimi nimenunua, rangi mimi, fundi seremala nimemlipa mimi, kubeba vitu usiku kwa bajaji mimi, duka limetoa bidhaa zake tu ambazo mwisho linazirudisha kwenye shelfu. Zawadi akachukua mmoja, sisi wengine tumeondoka na asante na madirisha yetu yakaendelea kukaa pale msimu mzima duka likiuzia. Hayo siyo mashindano, ni kupambiwa bure, na sisi tunayakubali kwa sababu kila mtu anatafuta jina. Huko Marekani wapambaji wa madirisha waliunda chama chao tangu 1898, na hapa kwetu wapambaji wa maharusi angalau wana bei zinazojulikana, ukimpigia simu anakutajia ya ukumbi na ya jukwaa palepale. Sisi wa madukani kila mtu analia kivyake.

Kwa hiyo anayeandaa mashindano mengine ya msimu wa sikukuu namuomba hivi. Majaji wasimame ng'ambo ya barabara, mara moja mchana wa jua kali na mara moja usiku, wasiingie ndani kabla ya kutoa maksi, na kati yao awepo mtu ambaye si wa fani, hata konda, maana huyo anapita hapo kutwa nzima na anajua lipi limemgeuza shingo. Stika za punguzo zisubiri. Na kwenye fomu iandikwe kabisa vifaa analipia nani na dirisha likikaa baada ya mashindano mpambaji analipwa kiasi gani kwa wiki. Isipoandikwa, fomu hiyo mimi siijazi, na wenzangu kadhaa niliongea nao wamesema hivyo hivyo.

Mpambaji,
Kinondoni, Dar es Salaam