Mtungi usiingie stoo

Nakuru

Mpendwa Mama Akinyi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Nakuru. Nimefurahi sana kusikia kwamba mjukuu amezaliwa salama na kwamba wewe na Baba Akinyi mnatoka hapo Kisumu kwenda Mombasa kukaa naye miezi miwili na nusu. Umbebe hadi mikono ichoke.

Kwenye simu uliniuliza lile jiko la gesi la kuchomea nyama mliache wapi, ukasema Baba Akinyi ameshaamua liingie stoo pamoja na mtungi wake, mlango upigwe kufuli kwa sababu ya wezi. Nimeona nikuandikie mapema kabla hajaubeba. Jiko liingie stoo, halina neno. Mtungi usiingie. Usiingie stoo, wala jikoni, wala chini ya ngazi, wala kwenye gari mtakaloliacha uani.

Mkiwa nyumbani mna mlinzi ambaye hamumlipi, nayo ni pua yenu. Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa yai bovu hutiwa makusudi ili mtu ashtuke mapema. Lakini nyumba iliyofungwa haina pua. Vali ikivuja kidogo kidogo wiki tatu, hakuna wa kushtuka. Gesi hii ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Kwa hiyo haipandi ikatokea kwenye tundu za juu ya dirisha kama moshi. Inashuka, inatanda sakafuni kama maji, inapita chini ya mlango na kuingia chumba cha pili.

Sasa tupige hesabu. Stoo yenu sidhani inazidi mita 3 kwa 3, na kimo cha mita 2.7, yaani kama mita za ujazo 24. Gesi huanza kuweza kuwaka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba, ambayo hapo ni karibu nusu mita ya ujazo. Hiyo ni kilo moja tu ya gesi ikishageuka mvuke. Mtungi wenu una 13. Na kwa kuwa inatulia chini, hata isiyofika kilo inatosha kuifanya hewa ya karibu na sakafu iwe ya hatari. Halafu mmesema friji mtaiacha ikifanya kazi. Stima ikipotea na kurudi, ile swichi ya mota ya friji ikijiwasha inaweza kutoa cheche ndogo nyuma kule chini, palepale gesi inapokusanyika. Ndiyo sababu nasisitiza hivi, dada yangu.

Mahali pa mtungi ni nje, wima, kivulini, penye upepo. Ule ukuta wa nyuma unaotazama migomba unafaa, mradi mpime: mtungi uwe angalau mita 3 kutoka mlango, dirisha la chini, mtaro wa maji machafu, kifuniko cha shimo la choo na chochote chenye moto au swichi. Mtaro ndio watu husahau. Gesi ikiingia mtaroni husafiri mbali, ikaibukia kwa jirani anayewasha jiko la makaa.

Wima si suala la unadhifu. Ndani ya mtungi gesi iko kama maji, na juu yake imeachwa nafasi ya mvuke. Mtungi ukisimama, kikivuja kitu kinavuja mvuke. Ukilazwa, yale maji ndiyo hukaa mdomoni, na lita moja yake hugeuka takriban lita 250 za gesi. Tundu ni lilelile, hatari ni nyingine kabisa. Kwa hiyo hata boda boda akiuhamisha, asiulaze.

Kuhusu wezi, Baba Akinyi ana haki ya kuogopa, lakini dawa yake ni kizimba. Mafundi wa jua kali pale Kibuye watawachomelea kimoja cha vyuma kwa siku moja: sentimita 50 kwa 50, kimo sentimita 80, pande zote wazi kama dirisha la grili, bati juu tu la kuzuia jua na mvua, na mlango wa kufuli. Fundi akitaka kuziba pande kwa bati ili kipendeze, mkataze, kwa maana atakuwa amejenga stoo nyingine ndogo. Kifungwe ukutani kwa boliti, na chini pawe na matofali mawili ili kitako cha mtungi kisikae kwenye unyevu. Kutu huanza pale kwenye pete ya chini ambapo hakuna anayetazama.

Hizo boliti zina kazi nyingine. Ninyi mko upande wa Nyalenda wa kuelekea Dunga, na mwajua Ziwa Victoria lilivyopanda mwaka 2020 na tena 2024. Mtungi wa gesi huelea, hata ukiwa umejaa, kwa sababu gesi hata ikiwa maji ni nyepesi kuliko maji ya kawaida. Maji yakiingia uani, mtungi usiofungwa utaondoka ukigonga kuta, na vali ndiyo hupigwa kwanza. Kwa hiyo ongeza mnyororo mwembamba, uzunguke shingo ya mtungi na kushika chuma cha kizimba.

Kufunga kwenyewe kufanyeni siku mbili kabla ya safari, si asubuhi ya basi. Washeni jiko mfuniko ukiwa wazi, vichomeo vyote, kisha ufungeni, moto mkali dakika 15 ili mafuta yaliyoganda yaungue. Kisha, vichomeo vikiwa bado vinawaka, zimeni gesi kwanza pale kwenye regulata, kile kichwa cha kuungia mpira juu ya mtungi. Mtaona moto unapungua na kufa wenyewe. Hapo mpira wa kupitishia gesi umebaki mtupu, na ndipo mfunge vifundo vya jiko. Watu wengi hufanya kinyume, wanafunga vifundo halafu mtungi, na mpira unabaki umejaa gesi inayosubiri mahali palipopasuka.

Jiko likipoa kabisa, toa regulata. Kwa mtungi wa kilo 13 wa regulata ya kubana, vali hujifunga yenyewe kwa springi ukishaichomoa, lakini usiiamini hivyo tu. Changanya kijiko cha sabuni ya kuoshea vyombo na kikombe cha maji, chovya brashi, mimina povu kwenye mdomo wa mtungi, kisha tazama dakika mbili nzima. Povu likitulia, ni salama. Likitoa viputo, hata kimoja kimoja, mtungi huo haukai kwenu; msiutie kwenye gari, uacheni nje, wima, mbali na moto, na mpigieni muuzaji mwenye leseni auchukue siku hiyohiyo. Mara nyingi kinachosumbua ni mchanga au ule mpira mweusi wa duara ulio ndani ya mdomo, uliochanika au kukauka. Asijaribu mtu kuuchokoa kwa msumari wala kuupaka mafuta. Tafadhali usitumie kiberiti kupima kuvuja, hata kama umeona mafundi wakifanya hivyo.

Vali ikishapita jaribio, rudisha kile kifuniko cha plastiki kilichokuja na mtungi. Kama kilipotea, muombe muuzaji mwingine. Kinazuia mchanga na wadudu, hakizuii gesi.

Kisha pima uzito wa mtungi. Kwenye shingo yake pamegongwa uzito wa mtungi mtupu. Upandishe kwenye mizani ya kupimia watu, au ya mwenye posho mill hapo njiani, andika jumla yake kwenye karatasi uiweke kwenye kabati. Mkirudi, pimeni tena kwa mizani ileile. Ikipungua hata nusu kilo na hakuna aliyepika, mtajua vali ilikuwa inavuja polepole, jambo ambalo povu la dakika mbili linaweza kulikosa. Na ukikuta imebaki gesi kidogo, usidhani mtungi "mtupu" ni salama zaidi; mvuke bado umo, nao unastahili kizimba kilekile.

Jiko sasa. Ondoa nyavu, zisugue kwa brashi ya waya, zioshe kwa maji moto na sabuni, zikauke juani, kisha zipake mafuta ya kupikia membamba kwa kitambaa. Unyevu wa Kisumu unakula chuma tupu kwa wiki chache. Ile sinia ya chini ya kukingia mafuta imwage na kuiosha vizuri kuliko kitu kingine chochote. Nasema hivyo kwa sababu ya panya. Mafuta ya nyama ndiyo huwaita, na wakimaliza sinia wanahamia kwenye mpira, ambao nao umerukiwa na mafuta. Mpira uliotafunwa kwa chini hauonekani hadi siku ya kuwasha. Uchomoe, ufute kwa sabuni, ukunje bila kuuvunja shingo, uutundike juu. Ncha zake zote mbili zifunge kwa kipande cha nailoni na raba bendi. Toa na betri ya kiwashio, maana ikivuja huozesha vile vishikizo vya shaba. Funika jiko kwa turubai likiwa kavu, na chini pawe wazi, la sivyo jasho litabaki ndani.

Muonyeshe mlinzi wa boma kizimba kilipo, na mwambie maneno machache tu. Akisikia harufu, asiwashe taa, asizime taa, asipige simu akiwa hapo, asivute sigara. Aondoke mbali kwanza, awaonye majirani, ndipo apige 999 au 112. Akikuta mtungi unawaka, asijaribu kuubeba wala kuuzima.

Siku ya kurudi kuna jambo moja ambalo nakuomba usiliruke hata kama wageni wameshafika na nyama imekatwa. Kila kichomeo kina kibomba ambamo gesi huchanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Buibui hupenda vibomba hivyo, na wale nyigu wa udongo pia. Uzi wa buibui unatosha kuzuia gesi isipite, ikarudi nyuma na kuwaka chini ya vifundo, karibu na mkono wako na mpira. Toa vichomeo, pitisha brashi ndefu nyembamba ya kuoshea chupa ya mtoto, angalia upande wa pili mpaka uone mwanga. Kunja mpira kwa vidole kila sehemu. Ukiona nyufa ndogo, nunua mpya, usiozidi mita moja na nusu, pamoja na klipu mbili mpya za kukaza kwa bisibisi. Waya wa kufungia haukazi sawa pande zote.

Unganisha, paka povu kila kiungio vifundo vya jiko vikiwa vimefungwa na regulata imefunguliwa. Kisha washa, mfuniko ukiwa wazi. Kama kichomeo hakijashika moto kwa sekunde tano, funga, ngoja dakika tano gesi itawanyike, ndipo ujaribu tena. Moto uwe wa bluu. Ukiona wa manjano mrefu wenye masizi, hewa haipiti, rudi kwenye vibomba.

Mkiona kizimba hakitakuwa tayari kabla ya safari, msilazimishe. Mpelekeeni muuzaji wenu wa gesi mtungi auhifadhi kwenye kizimba chake, awaandikie risiti yenye uzito. Nipigie jioni uniambie mmeamua lipi, na unitumie picha ya huo ukuta wa nyuma niangalie mtaro unapita wapi.

Msalimie Baba Akinyi, na mbusu mjukuu kwa niaba yangu.

Rafiki yako,
Mama Nafula