Pima sauti kwanza, wimbo baadaye

Sinza, Dar es Salaam

Shosti wangu,

Habari za tangu juzi? Ujumbe wako nimeupata, unauliza uimbe nini kwenye karaoke ya kazini kwenu Ijumaa. Jina la wimbo sikutajii, maana hujaniambia sauti yako inaanzia wapi na inaishia wapi. Kulijua hilo ni kazi ya robo saa tu.

Weka programu ya kinanda kwenye simu, ya bure inatosha. Pima jioni, asubuhi sauti huwa nzito na hushuka kuliko kawaida yake, utajidanganya. Imba "aaa" kwa sauti ile unayoongelea, kisha shuka kitufe kimoja kimoja, vyeusi pia uvihesabu, mpaka ianze kukwaruza. Andika noti ya mwisho iliyotoka safi. Halafu panda hivyo hivyo mpaka shingo ikaze au kidevu kianze kunyanyuka chenyewe. Hapo umegonga dari. Sasa punguza: juu toa vitufe 3, chini toa 2. Tuseme umepata G3 hadi D5 (herufi ni jina la noti, namba ni oktavi yake, ikiwa kubwa noti iko juu zaidi), sauti ya pili kabisa ya kwaya, alto; basi mbele za watu wewe ni wa A3 hadi B4. Zile tatu za juu unazo, ila ni za sebuleni. Ukumbini kuna kelele na woga, na koo lenye woga hujibana.

Tuje kwenye wimbo. Wengi husikiliza ubeti wa kwanza wakasema "huu naumudu", na ubeti wa kwanza karibu kila mara uko chini. Wewe ruka mpaka kiitikio cha mwisho, ndiko mambo yanakoharibika. Nyimbo nyingi za mapenzi hupandisha kii, yaani kimo cha wimbo mzima, mwishoni. I Will Always Love You ya Whitney Houston, ile ya 1992, baada ya ule mpigo mmoja wa ngoma inahama kutoka A kwenda B, toni nzima, yaani vitufe viwili. Yaani umeshachoka ndipo unaongezewa mlima. Huo waachie wenyewe.

Halafu usiogope noti moja ya juu inayopita mbio. Ogopa wimbo unaokaa juu. Wimbo unaogusa B4 mara moja, kwingine kote unazunguka E4, ni mwepesi kwako kuliko ule usiovuka A4 lakini kiitikio kizima kimeng'ang'ania G4 na A4. Huo wa pili utakumaliza kwenye raundi ya pili.

Wimbo wa kukata keki, Happy Birthday, ni mfano mzuri. Wote ni oktavi moja, vitufe 12, ila watu hukwama mstari wa tatu kabla hata ya kufika kwenye jina la mwenye sherehe. Wimbo hauna kosa. Aliyeanzisha ndiye alianzia juu.

Ndiyo maana kii ni muhimu kuliko jina la wimbo. Mitambo mingi ya karaoke ina kitufe cha kupandisha na kushusha, na kila hatua ni nusu toni, yaani kitufe kimoja cha kinanda. Wimbo unaotoka C4 hadi D5, mwambie fundi mitambo "shusha tatu": umeingia A3 hadi B4, umekutosha kama kanzu ya kupimwa. Wala usione aibu kuomba. Ikipita hatua 4 au 5, muziki huanza kulegea na kusikika vibaya, hapo badilisha wimbo. Kama wanatumia YouTube, kupunguza kasi hakushushi kii hata kidogo. Tafuta mapema toleo lililoshushwa, uwapelekee kiungo.

Usizikimbie nyimbo za wanaume. Wale wa Bongo Fleva wanaoimba sauti ya tatu ya kwaya (tenor), tena kwa juu, mwanamke wa sauti ya pili anaweza kuwaimba palepale walipo, bila kugusa kitu. Jaribu huko kwanza. Taarab naipenda, lakini ni ndefu, watu wanasubiri zamu.

Chini nako usikuchezee. Noti zilizo karibu na mwisho wako hufunikwa na besi ya spika, unabaki unachezesha midomo tu. Ukishuka sogeza maiki karibu na midomo, ukipanda isogeze mbali kidogo, na usikifumbate kile kichwa chake: sauti itakuwa kama ya ndooni, na spika zitapiga mluzi.

Kesho jioni nitumie noti zako mbili, pamoja na nyimbo tatu unazozijua neno kwa neno. Tutachagua moja, na nyingine ya akiba kama mwenzio akikuwahi.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Shosti wa Sinza