Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Nawashukuru nyinyi 23 mliofika. Katika daftari tuko 64, na akidi ni theluthi moja, kwa hiyo mkutano ni halali kwa kuponea mtu mmoja. Wasiokuja wametoa udhuru wa karafuu. Karafuu siipingi, sote tunaila. Lakini tangazo lilitoka mwezi mzima, na baadhi ya hao wachumaji nimewapita asubuhi hii wamekaa barazani.

Shughuli za kawaida za chama chetu cha afya mnazijua: usafi wa vituo, uhamasishaji wa chanjo, kupima lishe za watoto, kusaidia ugawaji wa dawa za kichocho. Zote zimefanyika, alhamdulillahi.

Sasa nije kwenye fulana ambazo safari hii hamkuzipata, maana najua ndizo zilizowaleta wengine.

Katika fedha za tathmini ya afya ya jamii lilikuwemo fungu la 900,000 la fulana na hafla ya kukabidhi ripoti. Mimi ndiye niliyelihamisha. Ni kweli sikuitisha kikao. Kamati ina watu tisa. Niliwapigia simu wanne, wakapokea wawili, na mpango wa wilaya wa mwaka wa fedha unaoanza Julai ulikuwa unafungwa wiki ile ile. Ningengoja akidi ya kamati, tungekuwa tunangoja hadi leo.

Wakongwe wanaikumbuka ripoti ya mwaka juzi. Kurasa 70, hafla, picha, pilau. Miezi mitatu baadaye niliingia ofisi moja, siitaji, nikaikuta imewekewa birika la chai. Niliumia, halafu nikajiuliza: huyu bwana angeifanyia nini? Tulimpa wastani wa wilaya nzima. Tulimhesabia vyoo, na Sensa ya 2022 imeshauliza habari za vyoo.

Ndipo nikapata wazo, na nalisema bila kujisifu kwamba lilikuwa langu, la kuwaendea watu wa afya wa wilaya kabla ya kuandika dodoso na kuwauliza: mwaka huu mna jambo gani la kuamua ambalo hamna taarifa zake? Dodoso likashuka kutoka maswali 86 hadi 19. Wapo walionung'unika kwamba kazi imepungua na posho imepungua. Posho imepungua, kweli.

Lakini tazameni. Zamani tuliuliza, "Una choo?" Safari hii tukauliza asiyekuwa nacho, kwa nini. Katika shehia za maweni watu wengi walitoa jibu moja: jiwe. Hawachimbi kwa sababu hapachimbiki. Kwa hiyo semina ya kuhimiza vyoo si dawa yao. Wanataka fundi na zana. Hilo ofisa anaweza kulitia kwenye bajeti. Na kichocho vivyo hivyo: mtoto anameza vidonge leo, kesho yumo mtoni, na konokono wanaoeneza kichocho wako pale pale. Tukauliza mto gani, sehemu gani, saa ngapi, anafuata nini, kuoga au kufua. Dawa ya konokono humwagwa mahali, haimwagwi kwenye asilimia.

Zile 900,000 zilikwenda kwenye gari na chai ya vikao vya kurudisha majibu katika shehia sita, masheha na ofisa wa wilaya wakiwepo. Zimetumika 870,000, 30,000 ziko kwa mshika fedha, risiti anazo. Katika kikao kimoja akina mama walitusahihisha: mto tuliouandika umekauka, watoto wamehamia mwingine. Kwenye hafla nani angesimama kusema hayo mbele ya mgeni rasmi?

Aliyesema nimeila hela ya fulana aje aangalie risiti. Namjua, na yeye anajijua.

Ada ni 12,000 kwa mwaka. Zilizokusanywa ni 276,000, yaani watu 23 wamelipa, na msidhani ni nyinyi 23 mliopo, nimelinganisha majina. Mjumbe mmoja wa kamati hajalipa tangu achaguliwe.

Mwakani, Mungu akijaalia, tunatarajia kuzifikia shehia zilizobaki, na pengine tupate simu za kukusanyia majibu. Wilaya imesema italifikiria suala la vyoo. Tutafuatilia.

Wanaodai fulana: mbili za mwaka juzi ziko kwa katibu, saizi ndogo.

Mwenyekiti