Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji wa Kuku wa Nyumbani

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuacha mabanda yenu na kuja mkutanoni. Najua kila mmoja wenu ameacha maagizo nyumbani: maji yabadilishwe saa ngapi, mayai yaokotwe lini, mlango ufungwe kabla giza halijaingia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo mimi nitazungumzia kuku.

Nianze na ugonjwa wa mdondo, maana ndio uliotuumiza mwaka huu. Kaya ya kwanza kuingiliwa ilikuwa yangu. Nilinunua jogoo mwekundu, kifua kipana, miguu imara, nikamchanganya na tetea wangu siku ileile. Utaratibu niliujua. Ni mimi niliyeusoma mbele yenu katika mkutano uliopita: ndege mgeni akae peke yake kwa wiki mbili kwa uchache, na ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji wake kulishwa. Wiki haikuisha, jogoo akaanza kuzubaa, mabawa yakashuka, kinyesi kikawa cha kijani. Baada yake tetea wakaanza kukohoa, wengine wakapinda shingo na kuzungukazunguka mahali pamoja. Na chanjo yao ilikuwa imepitiliza muda wa kurudiwa. Majirani mliopoteza kuku kwa sababu yangu, nimeshawafuata nyumbani mmoja mmoja kuwaomba radhi, na leo narudia mbele ya wote.

Nimetafakari sana ugonjwa ulivyosafiri. Waliokuja kunipa pole waliingia hadi bandani, wakakanyaga kinyesi, wakarudi kwao. Virusi vya mdondo hukaa kwenye viatu, kwenye nguo, kwenye tenga la kubebea kuku, kwenye chombo cha chakula kilichoazimwa. Halafu kuna jambo ambalo hatukulisema wazi wakati ule: tuliposikia kuku wanakufa, baadhi yetu tulikimbilia kuuza waliobaki. Naelewa hofu hiyo, kwa sababu mtu anataka aokoe chochote. Lakini kuku anaweza kuonekana mzima siku kadhaa huku tayari ameshabeba ugonjwa, na anayemnunua anakwenda kuufungulia mlango nyumbani kwake. Tusiuze kuku wakati wa mlipuko. Mizoga tuizike ndani sana au tuichome, na mbwa wasiifikie.

Mwanachama mmoja aliniuliza kwa nini mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, huandikwa Newcastle kwenye vichupa vya chanjo. Ni jina la mji wa Uingereza. Mwaka 1926 ugonjwa huu ulionekana kwenye mashamba ya karibu na mji huo, na mwaka huohuo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, kisha jina la mji likabaki. Karibu miaka 100 imepita na bado hakuna dawa ya kuutibu. Wengi wetu tuliwapa kuku antibayotiki wiki ile. Antibayotiki hupambana na bakteria, na mdondo ni virusi. Tulitumia dawa bure, na tuliwapa watu mayai yenye mabaki ya dawa, jambo ambalo lisirudiwe. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla mayai au nyama kuliwa. Zisome, na kama maandishi ni madogo mwombe kijana akusomee.

Kinga ni chanjo, na chanjo ina masharti yake. Wape kuku walio wazima, kwani kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga. Ile ya tone la jicho ni tone moja kwa kila kuku, mkubwa na mdogo sawasawa, na irudiwe kila baada ya miezi 3 au 4. Kama unaiweka kwenye maji, maji hayo yasiwe na klorini, na kuku wakae na kiu kidogo kwanza ili wayamalize ndani ya saa 2. Ipo chanjo inayostahimili joto, iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, kwa ajili hasa ya wafugaji wadogo walio mbali na friji. Hata hiyo haipendi jua. Mwaka huu nimemwona mwenzetu akiiacha juu ya ukuta huku akikimbiza kuku. Siku ya chanjo kuku wafungiwe tangu usiku, ili asubuhi wakamatwe bila mbio.

Vifaranga ndio walionifurahisha zaidi. Akina mama kadhaa wa chama chetu wameacha kuwaachia vifaranga wamfuate mama yao wazurure naye tangu siku ya kwanza. Sasa wanawatenga kwenye bruda, yaani chumba kidogo chenye joto la kulelea vifaranga, kwa wiki 4, na mwewe na kicheche wamekosa windo rahisi. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wasio na kipimajoto wanatazama vifaranga wenyewe: wakijikusanya chini ya joto na kulia, wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi, joto limezidi, wakitawanyika na kula kwa utulivu, mambo ni sawa. Mama mmoja huamka usiku mara mbili kuwatazama kwa namna hiyo, na nilipomtembelea vifaranga wake walikuwa wamejaa mwili na macho yao maangavu. Angalizo kwa wanaotumia jiko la mkaa: acheni nafasi ya hewa kupita. Moshi usioonekana huua vifaranga, na humuua pia mtu aliyelala karibu nao.

Kuhara damu bado kunatunyang'anya vifaranga wa wiki ya tatu hadi ya sita, na chanzo karibu kila mara ni matandazo yaliyolowana chini ya chombo cha maji. Inua chombo kidogo, zoa palipolowa kila siku. Sina zaidi hapo.

Kuhusu mayai, nilipokea malalamiko mengi kwamba kuku "anaruka siku". Hakuna ubaya. Yai moja huchukua takriban saa 24 hadi 26 kukamilika tumboni, na sehemu kubwa ya muda huo, kama saa 20, ni ya kutengeneza ganda. Ndiyo maana kila siku anataga kwa kuchelewa kidogo, mpaka inafika siku anapumzika. Tetea wanaotaga ganda laini, hao wana shida ya kweli: wanakosa chokaa. Maganda ya mayai yanafaa, ila yapashwe moto vizuri na kusagwa hadi yasitambulike, vinginevyo kuku hujifunza kula mayai yake. Mayai ya kuatamia yasikae zaidi ya wiki moja, ncha nyembamba ikitazama chini, na yasioshwe. Siku ya 7 yamulike kwa tochi gizani. Lisilo na mishipa liondoe, ili siku ya 21 kuku asibaki ameatamia mayai maviza.

Jambo la chakula linanitia wasiwasi kuliko mnavyodhani. Bado kuna fikra kwamba mahindi yaliyoota ukungu hayamfai mtu lakini yanamfaa kuku. Ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga wapatao 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuichunguza. Kuku hustahimili kuliko bata mzinga, lakini ini lake huumia, utagaji hushuka, na chanjo uliyohangaika kuitoa haimkingi ipasavyo. Chakula kikae juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Chenye ukungu kitupwe.

Wezi na nguchiro wametusumbua kama kawaida. Mbolea imewasaidia wenye bustani, mradi iozeshwe kwanza, kwani ikiwa mbichi huunguza mimea.

Kwa mwaka unaokuja, kamati inaleta kwenu mambo matatu mkayaamue leo. La kwanza, tuchanje wote katika wiki moja, kila baada ya miezi 3, maana kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja na kikifunguliwa hakiwekwi akiba. La pili, kila kaya iwe na daftari: waliototolewa, waliokufa na dalili walizoonyesha, mayai ya siku, tarehe ya chanjo. La tatu ni ndoo ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu na jozi moja ya viatu vya bandani mlangoni kwa kila mwanachama. Vyangu tayari vipo, na mgeni yeyote atakayefika kwangu, hata aje kunipa pole, tutazungumzia barazani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti