Daftari la Juma na zile "grab" na "grasp"

Mombasa, Jumapili jioni

Mwanaisha, shoga yangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya daftari la Juma nimeiona. Msalaba mwekundu juu ya "She grabbed the lesson", nawe umekasirika kwa sababu kamusi yasema "grab" na "grasp" zote ni kushika. Mwalimu hakumwonea, mwenzangu. Kamusi ndiyo imefupisha mno.

Jana nilikuwa kwenye feri ya Likoni. Kitoto cha miaka mitatu hivi kikachomoka mbio kuelekea ukingoni, mamake akakidaka mkono, kikapu kikamponyoka, ndimu zikatapakaa miguuni mwa watu. Hiyo ndiyo "grab". Ni ghafla, hupati hata nafasi ya kuchagua pa kushika. Kilipotulia, kitoto kile kilikifumbata kidole cha mamake mpaka tukafika ng'ambo. Hiyo sasa ni "grasp": mkono umekizunguka kitu, umekaza, hauachii.

Ndiyo maana Mwingereza akielewa jambo husema ame-"grasp", kama sisi tunavyosema mtoto kashika somo. Somo halidakwi kama ndimu inayobingirika.

"Grab" nalo lina ubaya wake. Wakenya tunalijua kupitia unyakuzi wa ardhi, "land grabbing". Mwaka 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti msitu wa Karura, kule Nairobi, uliokuwa ukimegwa na kugawiwa wajenzi, wakapigwa mpaka Wangari akajeruhiwa kichwa. Kwa mambo kama hayo hutasikia mtu akisema "land grasping". Lakini neno hilohilo utalisikia kwa mtu anayekwenda kula chapuchapu, "grab lunch", na hajaiba sahani ya mtu.

Usimwambie Juma kwamba "grasp" ndilo la wastaarabu, maana lina mtego. Ukisema mtu ni "grasping", umemwita mroho wa mali, mwenye mkono usioshiba. Mtego huo ulininasa mimi mwenyewe. Nilipokwenda kuulizwa maswali ya kazi, miaka hiyo, nikataka kumsifu mkubwa wangu wa zamani kwamba ni mwepesi wa kuelewa. Nikasema kwa kujiamini, "He was a very grasping man." Yule mama aliyekuwa akiandika akainua kalamu, akanitazama, akauliza kama ndiyo sababu niliacha kazi. Nami, bila kuelewa, nikajibu ndiyo, nimejifunza mengi kwake.

Kazi sikupata. Maana ya neno niliipata miezi miwili baadaye, nikiwa jikoni nakuna nazi, nikacheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia.

Juma aandike "She grasped the lesson". Na zile kashata ulizoniahidi Idi, bado nazingoja.

Wako,
Zuhura