Wauza mbegu za sungura, semeni kama mnawapa dawa

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi niongelee mbegu za sungura hapa Dodoma maana naona wengi tunapigwa tu.

Mwaka jana nilinunua majike 6 na dume 1, weupe, wazuri, muuzaji akaniapia hii ni mbegu ngumu haiugui. Nimewafikisha Ihumwa wiki mbili hazijaisha, chafya karibu kila kizimba. Kumbe kule walikuwa wanawekewa antibayotiki kwenye maji kila siku, mimi nikawapa maji matupu, ugumu ukaishia hapo.

Ukitaka kumjua sungura mwenye mafua usihangaike na pua, ataifuta. Mshike miguu ya mbele uigeuze ndani, utakuta manyoya yamegandana kama yamemwagikiwa uji ukakaukia. Yale mafua mara nyingi ni bakteria anaitwa pasturela, na hata ukimtibu akaacha chafya anaweza kubaki naye puani akaja kuambukiza vitoto vyake. Kwahiyo siku hizi kwangu aliyetibiwa napaka rangi sikioni, huyo hazai tena, anasubiri dawa iishe mwilini aende kwenye sufuria. Inauma jamani, kuna jike lilikuwa linazaa vitoto 9 nikalichinja, wife hakunisemesha siku mbili.

Nililobaki nalo ni lile lililokuwa limezungukwa na wagonjwa na halikupiga chafya hata moja, ndo bibi wa karibu sungura wote nilionao sasa. Mimba yenyewe ni kama siku 31 tu, huhitaji miaka kumi kuona tofauti. Dume natafuta nje ili ndugu wasizaane, ila anakaa peke yake mwezi mzima, maji matupu, ndo namwingiza.

Hata Australia mwaka 1950 waliachia kirusi cha miksoma kiwaue sungura wa porini, mwanzoni walikufa karibu wote, ila wachache waliopona wakazaa watoto wanaokihimili zaidi. Wale nani aliwawekea dawa kwenye maji?

Sisemi mbegu inamaliza kila kitu, ile kuhara ya koksidia (vijidudu vya tumboni) kipindi cha mvua inataka banda kavu na kinyesi kisilale chini, hapo usimsingizie dume.

Ninachoomba wauzaji mtuambie mara ya mwisho mmewapa dawa lini, na mtu akiomba kugeuza miguu msinune.

Mfugaji, Ihumwa, Dodoma